Mahali Panapohama

Mwaka 2006 majimbo mawili ya Uholanzi, Friesland na Groningen, yalilazimika kurekebisha mpaka unaoyatenganisha kwa sababu isiyo ya kawaida: kisiwa kimoja kilikuwa kimeuvuka. Hapakuwa na vita, wala kura ya maoni, wala mtu aliyeng'oa jiwe la mpaka usiku. Ncha ya mashariki ya kisiwa cha Schiermonnikoog ilikuwa imerefuka taratibu, mchanga juu ya mchanga, hadi ikaingia katika eneo ambalo ramani ililihesabu kuwa la jirani. Wakubwa wa pande mbili wakakubaliana, mstari ukasogezwa, na kisiwa kikarudi chote ndani ya manispaa moja.

Mtu anaweza kucheka, akasema ni kazi ya makarani, akaendelea na shughuli zake. Mimi jambo hili limenikalia kichwani. Tangu utotoni tumefunzwa kwamba binadamu ndiye mpitaji na ardhi ndiyo ibakiayo. Babu anakufa, shamba lipo. Ukoo unatawanyika, kaburi la mwanzilishi lipo palepale chini ya mti uleule. Hapa mambo yamegeuka: ardhi imeondoka, na watu wameifuata na kalamu zao ili waendelee kuiita yao. Basi ikiwa udongo wenyewe hautulii, ni kitu gani hasa tunachokitaja tunapotaja mahali?

Tukitazame kwanza kisiwa chenyewe. Schiermonnikoog ni kisiwa cha mwisho chenye wakazi upande wa mashariki wa msururu wa visiwa vya Uholanzi vinavyoitenga Bahari ya Kaskazini na Bahari ya Wadden. Urefu wake ni kama kilomita 16, na upana wake ni kama kilomita 4 pale palipo papana. Kijiji ni kimoja tu. Wakazi wanakaribia 950, na hao wanaifanya kuwa manispaa yenye watu wachache kuliko zote nchini. Upande wa kusini maji yakipwa, bahari huondoka kabisa na kuacha tope la kijivu linalong'aa, lenye vijito vinavyopindapinda na alama za nyayo za ndege. Yakijaa, feri kutoka Lauwersoog hupita juu ya tope hilohilo kwa muda wa dakika kama arobaini na tano. Mgeni huacha gari lake bara na kukodi baiskeli.

Mchanga wa visiwa hivi husukumwa na mawimbi na mikondo kutoka magharibi kwenda mashariki. Upande mmoja hulika, upande mwingine hukua. Hilo latosha kuhusu namna linavyotendeka. Wahandisi wana mengi zaidi ya kusema. Linalonihusu ni matokeo yake kwa mtu anayetaka kusema "hapa ni kwetu".

Jibu la kwanza, ambalo karibu kila mmoja wetu angelitoa bila kufikiri, ni kwamba mahali ni kipande cha ardhi. Kwa jibu hili, kuwa mwenyeji ni kukanyaga udongo uleule waliokanyaga wazee wako. Lakini jaribu kulipeleka jibu hilo Schiermonnikoog. Kijiji cha zamani kiliitwa Westerburen, nacho kilikuwa upande wa magharibi. Katika karne ya 18 dhoruba na mchanga uliopeperushwa na upepo vilikimeza. Watu hawakungoja bahari iwaombe radhi. Walijenga kijiji kipya mashariki zaidi, nyumba zikiwa zimepangwa kwa safu ndefu zilizonyooka, ambacho ndicho kijiji cha leo. Aliyezaliwa Westerburen akazikwa katika kijiji kipya, je, alizikwa ugenini? Hakuna mkazi wa kisiwa hicho ambaye angekubali hivyo. Angesema kijiji ni kilekile, kimehamia tu. Na akisema hivyo, tayari ameshalikataa jibu la kwanza, kwa kuwa kitu kinachoweza kuhama kutoka kwenye udongo wake na kubaki kilekile hakiwezi kuwa udongo huo.

Yapo mapokeo mengine ya kukiri hivyo, ya watu wanaofuata mifugo na mvua. Lakini hao hawakujenga nyumba za matofali wala hawakuandika hati. Waholanzi wameandika hati, tena kwa bidii. Na hapo tunafikia jibu la pili: mahali ni kile kilichoandikwa kuwa cha fulani. Mahali ni umiliki.

Nieleze kwanza ninachokusudia kwa neno hilo. Umiliki, kwa maana yake finyu, ni haki ya kuwazuia wengine. Shamba ni langu maana yake naweza kukwambia utoke. Kwa maana yake pana, umiliki ni haki ya kuwazuia wengine pamoja na deni la kujibu juu ya kinachotokea kwa kile kilicho changu. Sehemu hii ya pili husahaulika haraka, na historia ya Schiermonnikoog ni kipimo kizuri cha kusahaulika huko, maana kwa zaidi ya miaka mia tatu kisiwa kizima, pamoja na kijiji chake, kilikuwa mali ya mtu au familia moja.

Wa kwanza tunaowajua walikuwa watawa wa monasteri ya Klaarkamp huko bara, ndio waliokiachia kisiwa jina lake, kisiwa cha watawa wa kijivu. Jina hilo limo katika hati ya mwaka 1440. Yalipokuja Matengenezo ya Kanisa, mali za monasteri zikatwaliwa na utawala wa Friesland, na karibu mwaka 1640 kisiwa kikauzwa kwa familia ya Stachouwer, waliokishika kwa zaidi ya miaka mia mbili. Mwishoni mwa miaka ya 1850 akakinunua John Eric Banck. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 kikapita kwa kabaila wa Kijerumani wa ukoo wa von Bernstorff. Mwaka 1945, vita vilipokwisha, dola la Uholanzi likakitwaa kama mali ya adui. Mauziano yote hayo yakifanyika, wavuvi na mabaharia wa kijijini waliamka asubuhi wakakuta mwenye kisiwa amebadilika, wakaenda zao baharini.

Najiuliza watu hao walinunua nini. Hati ya kina Stachouwer ilihusu kisiwa kilichokuwa na kijiji upande wa magharibi. Familia ilipokiuza, kijiji hicho kilikuwa kimezikwa. Von Bernstorff alinunua kisiwa ambacho ncha yake ya mashariki ya leo ilikuwa bado maji. Ungeweza kusema walinunua mto, maana atiaye mguu mtoni mara ya pili hakuti maji yaleyale. Lakini mto angalau una kingo. Nadhani walichonunua, wakijua au wasijue, kilikuwa nafasi ya kuwa mtu anayetazamwa bahari inapovunja kitu. Banck alilielewa hilo kuliko wengine. Mwaka 1860 alijenga tuta kusini mwa kisiwa, na mashamba yaliyo nyuma yake yanaitwa Banckspolder hadi leo. Bila shaka alitarajia faida. Mfanyabiashara ni mfanyabiashara. Hata hivyo kati ya wamiliki wote, aliyebaki kwenye midomo ya watu kila siku ni yule ambaye mali yake ilikuwa na upande wa pili, upande wa kujibu. Haki ya kuwazuia wengine imekufa na hati zake. Tuta lipo.

Lakini nisiwe mwepesi mno. Mtu atasema: hilo tuta pia ni ardhi, nawe ulishalikataa jibu la ardhi. Ni kweli. Ila tuta ni ardhi inayohitaji kuangaliwa. Acha tuta bila mtu wa kulitazama, na baada ya miaka kadhaa lina mashimo ya sungura, kisha lina ufa, kisha bahari imo ndani. Tuta ni udongo ulioshikiliwa na uangalizi wa watu. Kwa hiyo linatusukuma kwenye jibu la tatu, kwamba mahali ni watu wenyewe wanaopaangalia.

Jibu hili linapendeza, na mimi nina mashaka na majibu yanayopendeza upesi. Watu wa mahali ni akina nani? Kisiwa hiki kilikuwa cha mabaharia. Kilikuwa hata na shule ya ubaharia, iliyofungwa katika miaka ya 1930. Katika zama hizo wanaume wengi wa kijiji walikuwa mbali kwa miezi mingi, na waliobaki kukiendesha kisiwa walikuwa wanawake, wazee na watoto. Leo ni kinyume: wageni wanaoshuka kwenye feri kila mwaka wanawazidi wenyeji mara nyingi sana, na kijana anayetaka elimu ya juu lazima aende bara, na si wote wanaorudi. Ukipiga picha ya watu waliopo kisiwani siku ya Jumamosi mwezi wa Julai, hutakuwa umepiga picha ya Schiermonnikoog. Utakuwa umepiga picha ya likizo.

Basi si watu waliopo. Huenda ni watu wanaowajibika. Uwajibikaji, kama ninavyoutumia hapa, ni hali ya kuwa mtu ambaye jambo likiharibika ataulizwa, na hana pa kukimbilia kabla hajajibu. Na hapa umanispaa wa kisiwa hiki unaanza kuwa na maana ambayo takwimu haziioni.

Mwaka 1900 Uholanzi ilikuwa na manispaa zaidi ya 1,100. Leo zimebaki 342. Zilizokosekana hazikuzama; ziliunganishwa, moja baada ya nyingine, kwa hoja ambayo ni vigumu kuipinga: manispaa kubwa ina wataalamu wengi, inapata bei nzuri ya mikataba, inajaza fomu kwa wakati. Kwa hoja hiyo Schiermonnikoog ingekuwa imekwisha zamani. Watu 950 ni wachache kuliko wanafunzi wa shule moja kubwa ya sekondari. Hata hivyo wana baraza lao la madiwani tisa, idadi ndogo kabisa inayoruhusiwa na sheria ya nchi hiyo, na wana meya wao, anayeteuliwa kwa amri ya kifalme kama mameya wote wa Uholanzi.

Nimewaza sana faida ya baraza la watu tisa. Si werevu, mabaraza madogo yana ujinga wake, tena ujinga wa karibu, wenye visa na ushemeji. Faida yake ni kwamba uamuzi hauwezi kumpata mtu asiye na sura. Diwani akipiga kura ya kubana nyumba za kupangisha wageni, kesho yake atasimama nyuma ya mwenye nyumba kwenye foleni ya mkate. Katika mji mkubwa uamuzi husafiri kwanza kwenye karatasi, ukafika kwa mhusika ukiwa hauna mtu nyuma yake. Kisiwani hauna pa kusafiria. Watu wa ofisi wataita hali hii mgongano wa maslahi, na mara nyingine ndivyo ilivyo. Mimi naona ni gharama ambayo jamii ndogo hulipa ili isiwe na mtu wa kulaumiwa aliye mbali.

Mwenye mashaka na atazame mashariki kidogo. Palikuwa na kisiwa kiitwacho Bosch. Mafuriko makubwa ya Krismasi ya mwaka 1717 yalikimaliza. Kuna Rottumeroog, ambacho bado kinaonekana. Kwa muda mrefu kilikaliwa na mlinzi mmoja aliyewekwa na serikali, na familia yake. Wa mwisho aliondoka mwaka 1965. Baadaye serikali iliacha kukizuia kisisogee, nyumba ikabomolewa, na leo ni cha ndege na sili, binadamu akiingia kwa kibali. Sisemi limetendeka kosa. Kwa ndege huenda ni bora. Ninachosema ni kwamba Rottumeroog na Schiermonnikoog vimeumbwa kwa mchanga uleule na kusukumwa na bahari ileile, na kimoja kimebaki mahali huku kingine kikirudi kuwa jambo la asili tu, kama wingu. Tofauti haikuwa kwenye mchanga. Ilikuwa kwamba kwa kimoja hakukuwa na mtu wa kupinga.

Hata hivyo kisiwa chetu hakijitegemei, na tusikisifu kwa sifa isiyo yake. Tuta la leo limegharimiwa na walipakodi wa bara. Mwaka 1969 ghuba ya Lauwerszee ilifungwa kwa tuta kubwa ili kuilinda Friesland na Groningen. Tangu hapo feri ikahamia Lauwersoog na mikondo ya bahari karibu na kisiwa ikabadilika, na ufuo wa upande wa magharibi, uliokuwa ukilika, ukapata mchanga. Kisiwa kilinusurika kwa sehemu kutokana na uamuzi uliofanywa kwa ajili ya wengine. Kujitawala, basi, si kujitosheleza. Ni kuwa na sauti katika mambo ambayo huna nguvu ya kuyatenda peke yako.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba wajibu wa mahali unaishia kwa walioandikwa kwenye daftari la wakazi. Kuna kitu kisiwani kinachokataa mpaka huo, na ndicho kilichonifanya niandike.

Kaskazini mwa kijiji, katikati ya vilima vya mchanga, kuna bonde dogo lililozungukwa na miti. Hapo ndipo yalipo makaburi ya Vredenhof, yaliyoanzishwa mwaka 1917, wakati Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokuwa vikiitupa miili ya mabaharia ufuoni. Mwenye hoteli ya kijijini, Sake van der Werff, ndiye aliyelishughulikia jambo hilo, na yeye mwenyewe amezikwa hapo. Mawe ni ya kimo cha goti au zaidi kidogo, mengine ya kijeshi, meupe na ya umbo moja, mengine ni ya kawaida. Wapo Waingereza na Wajerumani wa vita vyote viwili, waliouana, wakiwa wamepangwa katika ukimya mmoja kwa sababu moja tu, kwamba mkondo uliwaleta ufuo mmoja. Mawe kadhaa hayana jina. Yana tarehe ambayo mwili ulipatikana. Simama mbele ya jiwe la namna hiyo ufikirie lilivyoandikwa: mchongaji hakujua mtu alizaliwa wapi, aliamini nini, aliacha nani. Alijua siku ambayo kisiwa kilikutana naye. Hiyo ndiyo iliyochongwa.

Marehemu hawa si wenyeji kwa kipimo chochote tulichokwisha kukitaja. Hawakukanyaga udongo huo wakiwa hai. Hawakununua chochote. Hawakupiga kura. Ila wamo, na nyasi za makaburi yao hukatwa. Mwenyeji wa kawaida hupokewa kwa sababu ana ndugu, au amejenga, au amelipa kodi. Hawa walipokewa kwa sababu walifika na hawakuwa na mwingine wa kuwapokea. Nadhani hapa tunagusa kitu cha ndani zaidi kuliko uwajibikaji kama nilivyoueleza mwanzo. Kuulizwa ni jambo moja. Kujibu bila kuulizwa na mtu yeyote ni jambo jingine. Hakuna serikali ambayo ingelishitaki baraza la kijiji kwa kumzika baharia asiyejulikana shimoni bila jiwe.

Nilipofika hapo katika kuwaza nilitaka kuridhika, lakini mwaka 1945 ulinizuia. Bahari haileti wafu wasio na hatia peke yao. Uholanzi ilipokombolewa mapema mwezi Mei mwaka huo, Schiermonnikoog ilikuwa bado mikononi mwa Wajerumani, na kabla ya hapo kundi la watu wa idara ya usalama ya Wanazi, waliokuwa wametesa na kuua huko Groningen, lilikuwa limekimbilia kisiwani. Wajerumani wa mwisho waliondoka tarehe 11 Juni, zaidi ya mwezi mzima baada ya sehemu nyingine za nchi kuimba na kucheza. Ufuo uleule uliopokea maiti ulipokea wauaji waliohitaji maficho. Na mwezi Januari mwaka 2019 meli ya MSC Zoe ilipoteza makontena zaidi ya mia tatu katika dhoruba, na kilichokuja ufuoni kilikuwa viatu, vifaa vya kuchezea na punje za plastiki ndogo kama mchele zilizochanganyika na mchanga, ambazo watu waliziokota kwa mikono na kwa vichekecheo, na bado hazijaisha.

Kwa hiyo kupokea hakuna uzuri wa peke yake. Kisiwa hakichagui kinacholetwa. Kinachagua tu kitakifanya nini. Wafu walipewa jiwe. Wauaji walikabidhiwa kwa majeshi ya washindi. Plastiki inaokotwa. Huenda tabia ya mahali, yaani kile kinachopafanya pawe hapa na si pale, imo katika mfululizo wa majibu hayo kuliko katika ramani yoyote.

Wenyeji wana sikukuu inayonichekesha na kunifikirisha kwa pamoja. Inaitwa Kallemooi, nayo ni ya Pentekoste. Usiku, jogoo huchukuliwa kimyakimya kutoka bandani kwa mwenyewe bila ruhusa, akawekwa ndani ya kapu pamoja na chakula na maji, na kapu likapandishwa juu ya mlingoti mrefu uliosimamishwa kijijini. Anakaa huko hadi sikukuu iishe, watu wakinywa na kucheza chini yake, kisha anateremshwa na kurudishwa. Watetezi wa wanyama wameilalamikia desturi hiyo, na nadhani jogoo angekubaliana nao. Lakini tazama undani wake. Kila mwaka kijiji kizima kinakubaliana kuiba kitu cha jirani mmoja, kukitundika pale ambapo kila mtu anakiona, na kukirudisha. Kwa watu ambao kisiwa chao kizima kilikuwa mali ya mtu mwingine kwa zaidi ya miaka mia tatu, wizi huo wa hiari una maana yake. Unasema kilicho chako ni chako, lakini kwa siku chache sisi sote tutakitazama, na wewe utavumilia. Sijui falsafa ya mali iliyoelezwa kwa kifupi zaidi ya hiyo.

Vipi kuhusu kudumu? Neno hili tunalitumia kwa maana mbili bila kuzitenganisha. Kudumu kwa jiwe ni kutobadilika. Kudumu kwa ahadi ni kuendelea kutimizwa, na ahadi hutimizwa na watu wapya, kwa njia mpya, katika hali ambayo walioahidi hawakuiona. Ndege aina ya domomwiko wanaozalia kwenye nyasi za chumvi za Schiermonnikoog huondoka majira ya baridi, na wengi wao huenda hadi pwani ya Mauritania na Senegali. Kwa nusu ya mwaka hawapo. Wakirudi wanakuta vijito vimehama na mchanga umepanda. Hawalalamiki kwamba si penyewe. Lakini binadamu hatuwezi kuwaiga kirahisi, maana sisi hurudi na maneno, na maneno nayo hufa.

Hapa hoja yangu inaumia. Kisiwa kina lugha yake, tawi la Kifrisia ambalo halisemwi penginepo, na wanaolisema leo wamebaki makumi machache, wengi wao wazee. Nikisema mahali ni mfululizo wa majibu ya watu, nitasema nini majibu yatakapoanza kutolewa kwa Kiholanzi cha kila mtu? Ningeweza kujitetea kwamba kijiji kilihama na kikabaki kilekile, basi lugha nayo ihame. Utetezi huo hauniridhishi. Nyumba ya Westerburen ilijengwa upya mashariki. Neno la mvuvi la aina fulani ya upepo, asipolisema mtu, halijengwi upya popote. Pengine mahali paweza kupoteza kitu kikubwa na kubaki, kama mtu anavyopoteza jicho na kubaki yeye. Lakini anayesema hivyo asiseme hakuna kilichopotea.

Ila dalili ya mwisho niliyo nayo kwamba majibu hayo bado yanatolewa ni ya Banckspolder, nyuma ya lile tuta. Wafugaji saba wa ng'ombe wa maziwa wanaishi hapo, na mashamba yao yamepakana na hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 1989. Hewa ya samadi yao ilikuwa ikirutubisha kupita kiasi mimea ya vilima vya mchanga inayohitaji udongo maskini. Uholanzi nzima imegombana kwa miaka juu ya tatizo hilo. Wakulima wa bara wamefunga barabara kuu kwa matrekta, na serikali zimeyumba. Wafugaji saba wa kisiwani walikaa pamoja na kukubaliana kupunguza mifugo yao kwa takriban theluthi moja, kisha wakaanza kutengeneza jibini yao wenyewe ili maziwa machache yawaletee pesa ileile. Hawakuwa watakatifu, na walipewa fidia na msaada. Lakini walikuwa saba, walijuana, na mimea waliyokuwa wakiiharibu ilikuwa umbali wa dakika chache kwa baiskeli kutoka mlangoni kwao.